Mashine Ilikuwa Inanistiri

Miaka 8 nimesaga unga hapa Uyole, Mbeya, na sijawahi kugombana na mteja hata mmoja. Siku zote nilidhani ni tabia yangu nzuri. Kumbe nilikuwa siwasikii.

Haya mambo ameyaanzisha binti wa kaka yangu anayesomea uuguzi. Alikuja likizo, akakaa pale kwenye mashine nusu saa, akatoka kaziba masikio kama mtu aliyetukanwa. "Baba mdogo, kelele ikifika desibeli 85 kwa masaa 8 kila siku, masikio yanaanza kuchakaa. Yakishachakaa hayarudi." Akanielekeza ninunue vile vizibo vya viwandani vinavyofunika sikio lote. Mimi nikasikia hedifoni. Huo ulikuwa ushahidi tosha kwamba yalishaanza kuchakaa, lakini hakuna aliyenisimamisha.

Nikapanda bajaji mpaka Mwanjelwa. Kijana wa duka akanipa shikamoo ya heshima, ile ambayo ukiitikia tu umeshapoteza hela. "Mzee wangu, hii ni orijino. Noizi kanselingi, inafuta kelele. Betri masaa 40, waranti mwaka mzima, besi ya kutikisa mabati." Akaanzia 120,000, tukashindana mpaka 85,000. Hesabu ya madebe mangapi ya mahindi lazima niyasage ili hiyo hela irudi niliianza kwenye bajaji, nikaiacha njiani kwa kujihurumia.

Boksi lilikuwa na maandishi mengi kuliko daftari la madeni. Kitu kilichoandikwa kwa herufi kubwa: hertzi 20 mpaka 20,000. Nikajisifu mbele ya mama watoto. Mwanangu wa sekondari akaniharibia, akasema hicho ndicho kiwango ambacho sikio zima la binadamu linasikia, kwa hiyo karibu kila hedifoni duniani imeandikwa hivyo hivyo. Yaani muuza viatu anakusifia kwamba kiatu chake mguu unaingia.

Jumatatu asubuhi, ukungu umelala mpaka chini, baridi ya Julai ile ya kukufanya uongee na jiko. Nikavaa. Nikawasha mashine. Nikabonyeza kile kitufe cha kufuta kelele.

Jamani. Mashine ikanyamaza!

Naiona mikanda inazunguka, naona unga unashuka kwenye kiroba, ila mngurumo umekwenda. Mwanangu alinieleza jioni: hedifoni ina vipaza sauti vidogo kwa nje vinavyosikiliza kelele, halafu yenyewe inatoa kelele nyingine iliyogeuzwa kinyume, zikikutana zinafutana. Una tano, unatoa tano, unabaki na sifuri. Ila akaongeza kwamba inaweza zaidi ngurumo nzito zisizobadilika, kama injini. Sauti za watu, zinazopanda na kushuka, zinapenya.

Hilo la watu kupenya nilikuwa nimeshaligundua mwenyewe saa mbili asubuhi.

"Pumba anabakiza huyu," sauti ya kwanza ikasema, shwari kabisa, kama redio. "Ndiyo maana nguruwe wake wamenenepa kuliko wanangu."

"Na hilo debe lake limebonyea kwa ndani," ikasema ya pili. "Lione. Lina kitambi."

"Mwacheni, baba wa watu hasikii," ikasema ya tatu, na hii ndiyo iliyoniuma kuliko zote, maana ilikuwa inanitetea.

Nilisimama na kiroba mkononi. Miaka 8 wanawake hawa wamekuwa wakinisema mbele ya uso wangu, huku mimi natabasamu na kuwajibu "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa! Nguruwe ninao watatu, ni kweli, na wamenenepa, hilo nalo ni kweli, lakini ni suala la ukoo wao. Debe lilibonyea lilipodondoka kwenye pikapu. Nani atanisikiliza?

Kwa hiyo ukiniuliza utendaji wa hii hedifoni, nitakwambia ni mzuri kupita mahitaji yangu. Hiyo kampuni ilikuwa na wajibu wa kunionya.

Muziki ni habari nyingine. Besi imezidi mpaka kwaya zote zinaimba kama zimefungiwa ndani ya tangi la maji. Sauti ya kwanza unaisikia kwa mbali, inaomba msaada. Na zile masaa 40 za betri, ukisoma maandishi madogo chini ya boksi, ni pale unapozima hiyo kufuta kelele na sauti ukaiweka katikati. Yaani wamempima mfanyakazi akiwa amelala. Ukimwamsha, siku ya tatu anaomba chaji. Kitu pekee ambacho sina malalamiko nacho ni joto. Kwa Uyole ya Julai, zile ngozi mbili za masikioni zinashinda kofia ya sufu, na hawakuandika hata neno moja kwenye boksi.

Wiki ya tatu sikio la kushoto likaanza kupiga mluzi. Nikachukua njiti ya kibiriti, nikachokonoa vile vitundu vya nje vya vipaza sauti. Kikatoka kitu cheupe, kinanata, kinavutika. Nikakinusa. Ulikuwa uji. Unga wa mashine umeingia, ukungu wa asubuhi umeutia maji, joto la sikio langu limemalizia. Hedifoni ya 85,000 ilikuwa inapika.

Kwenye kadi ya waranti kuna namba ya huduma kwa wateja. Nikatuma ujumbe WhatsApp saa tatu asubuhi. Saa kumi jioni ukaja: "Mpendwa mteja, tunajali masikio yako. Je, umejaribu kuizima na kuiwasha tena?" Nikajibu nimeizima, nimeiwasha, nimeikung'uta na nimeiombea. Wakaomba picha. Nikatuma, pamoja na ile ya njiti. Kesho yake: "Kifaa kimeingiwa na vumbi. Waranti haihusu vumbi."

Nikawaandikia kwamba boksi lao lina IPX4, na kwa akili yangu X ni ya ziada, kama ilivyo kwenye nguo, XL, XXL. Wakanifundisha kwa upole uliopitiliza: tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Pakiwa na X maana yake hawakuipa daraja lolote kwa vumbi. Ile 4 ni matone ya maji yanayorushwa kutoka kila upande. Sasa mimi na maji wapi na wapi? Ningekuwa mkulima wa mpunga kule Kyela tungeelewana.

Mwisho wakanipa njia: niipeleke ofisini kwao Dar es Salaam ikaguliwe, ikiwa ndani ya boksi lake. Nianze safari ya kilomita zaidi ya 800, nishuke mlima Kitonga nikiwa nimeshika roho, nipite hifadhi ya Mikumi niwasalimie tembo, nifike nikaambiwe "ni unga." Nauli ya kwenda na kurudi inanunua hedifoni nyingine. Na boksi lenyewe mama watoto ameshaweka nyuzi na vifungo, nikaligusa mwone.

Fundi wa simu pale Kabwe aliipuliza kwa mdomo mara mbili, akatikisa kichwa kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji, akanirudishia. Jioni ile ile taa yake ya bluu ikazima moja kwa moja.

Ila sikuivua. Habari zilishaenea mtaa mzima kwamba yule baba wa mashine siku hizi anasikia, kwa hiyo nikivaa tu, foleni yote inakaa kama kanisani. Mngurumo umerudi wote, mimi sisikii kitu, nao hawajui. Wiki nzima ya amani. Sikio linapata joto, hakuna anayemtaja nguruwe.

Mpaka Ijumaa. Alikuja bibi mmoja na debe lake la dona, akasimama upande wangu wa kushoto, akanikodolea macho kwenye sikio, si usoni. Midomo inachezacheza. Nikamtikisia kichwa kwa adabu, ndiyo bibi, ndiyo. Akanyoosha mkono, akaivuta hedifoni kwa pembeni, akapaza sauti kuishinda mashine:

"Mjukuu wangu! Nimekuuliza mara tatu! Hii taa ya bluu mbona haiwaki tangu Jumatatu?"

Akaiachia ikanirudia sikioni, pwa! Akawageukia wenzake kwenye foleni, akasema jambo. Sikulisikia. Niliona tu mabega yote yanatikisika, na yule wa nyuma kabisa ananyoosha kidole kwenye debe.