Macho Mekundu si Jicho Jekundu

Jumamosi, kwenye baraza moja ya Area C hapa Dodoma, mechi ya Yu-Gi-Oh!, mchezo wa karata wa Kijapani, ilisimama kwa sababu ya jicho. Kijana mmoja alicheza Red-Eyes Insight, karata inayomruhusu kuchukua kwenye fungu lake karata ya uchawi au ya mtego yenye "Red-Eyes" kwenye jina. Akatoa Red-Eyes Spirit. Mwenzake akagoma. Karata zao wamezichomekea vikaratasi vya Kiswahili vya kuandika kwa kalamu, na hiyo ilisomeka "Roho ya Jicho Jekundu", wakati nyingine zote ni "Macho Mekundu". "Jicho si macho, kaka." Baraza zima likacheka.

Wanaocheka wana hoja. Mchezo ni kufurahi, na kila mtu pale alijua karata gani inasemwa. Hata karata zetu za kawaida tunaziita kopa, uru, shupaza na pau, maneno yaliyotoka Ureno, na hakuna anayesimamisha mchezo kuuliza kama uru ni dhahabu.

Lakini uru haifanyi kazi kwa tahajia yake. Kwenye Yu-Gi-Oh! jina ni sehemu ya sheria: karata zenye neno moja kwenye jina ni ukoo mmoja. Wenye mchezo wenyewe yaliwakuta: karata moja ya Kijapani iliitwa Frog the Jam kwa Kiingereza, ilhali kwao haikuwa ya ukoo wa vyura. Ukoo huo ulipopewa nguvu zake, karata za Kiingereza zikalazimika kuandikwa "isipokuwa Frog the Jam". Mfasiri kateleza neno moja, na karata zilizokuja baadaye, ambazo hazikuwa na kosa lolote, zikawa zinambebea mzigo. Mwishowe jina likabadilishwa, ikawa Slime Toad. Kwenye Pokémon, mchezo mwingine wa karata, mambo ni membamba zaidi: kwa Kiingereza kuna karata za Pokémon-ex ya 2003, Pokémon-EX ya 2012, na Pokémon ex ya 2023 isiyo na kistari. Aina tatu, na kinachozitenganisha ni kistari na ukubwa wa herufi mbili. Anayekazania kistari hapo anasoma sheria tu, hata kama anachosha.

Kiswahili nacho kina mtego wake. "Macho Mekundu" ni salama, kwa kuwa hayabadiliki ukisema joka la Macho Mekundu au roho ya Macho Mekundu. Ukoo ukiupa jina la sifa tupu, umekwisha: mchawi mweusi, joka jeusi, kisu cheusi. Mbishi atakuambia hayo ni majina matatu, na kwa herufi hajakosea. Ukisema "wa Giza", "la Giza", "cha Giza", neno la ukoo linabaki lilelile. Kwa hiyo ningewashauri vijana wale wachague nomino, waachane na vivumishi, na umoja na wingi wauamue mara moja tu.

Karata ilikubaliwa baada ya kikaratasi kuandikwa upya. Sasa wameanzisha daftari la majina, na ukurasa wa kwanza tayari una ubishi: mmoja kaandika joka, mwingine dragoni.