Maiti wa Poe walitangulia kikohozi cha Virginia

Anayetaka kuikejeli saikolojia changanuzi, mbinu ya Sigmund Freud ya kutafuta yaliyofichika akilini, hukimbilia kwa Marie Bonaparte, na silaha anazipata. Katika kitabu chake cha 1933 kuhusu Edgar Allan Poe, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kutisha, mwanafunzi huyu wa Freud alimwona mama marehemu wa Poe kila kona ya hadithi hizo: katika meno ya Berenice, katika paka mweusi, hata katika kuta za nyumba ya Usher. Mhakiki mwenye jibu moja kwa kila swali lazima atiliwe shaka.

Hata hivyo, hoja inayotumiwa sana kumpinga haisimami. Husemwa kwamba Poe aliandika juu ya wanawake wanaofifia na kufa kwa sababu mkewe Virginia alikuwa akifa mbele ya macho yake, basi ung'amuzibwete, yaani sehemu ya akili isiyojitambua, wa nini? Tazama miaka. Virginia alitema damu mara ya kwanza, dalili ya ugonjwa uliomuua, Januari 1842, akiimba. “Berenice” na “Morella” zilitoka 1835, kabla hata ya ndoa yao ya 1836. “Ligeia” ni ya 1838, na hadithi ya Usher, ambamo Madeline anatoka jenezani, ni ya 1839. Maiti hao walikwisha kuzikwa, na baadhi kufufuka, Virginia akiwa bado mzima.

Kifo kilichotangulia ni kingine. Elizabeth Poe, mwigizaji wa jukwaani, alifia Richmond Desemba 1811, mwanawe akiwa hajatimiza miaka mitatu. Mtoto wa umri huo hana maneno ya kusimulia alichopoteza. Mama mlezi, Frances Allan, naye akafa 1829. Huu si ushahidi wa mahakamani, nakubali. Lakini wasifu wa kawaida hutegemea barua na kumbukumbu, nao hauna la kusema juu ya msiba usiokumbukika. Saikolojia changanuzi angalau inathubutu kuuliza.

Wapinzani hujibu kwamba Poe alikuwa fundi anayeijua biashara yake. Ni kweli. Alimwandikia mchapishaji wa jarida, Thomas White, mwaka 1835 kwamba majarida hupata umaarufu kwa hadithi za namna ya “Berenice”. Soko linaeleza kwa nini aliandika vitisho. Halielezi kwa nini, kati ya vitisho vyote vilivyouzika, alirudia hiki cha mwanamke anayekufa.

Naielewa hofu ya wanaompenda Poe. Siku chache tu baada ya kifo chake mwaka 1849, mhariri Rufus Griswold alianza kumchafulia jina, na tangu hapo kila anayezungumzia akili yake huonekana anamwita mwendawazimu. Freud mwenyewe aliliona hilo: katika dibaji ya kitabu cha Bonaparte alisema uchunguzi wa aina hii haukusudii kueleza kipaji cha mwandishi, bali nguvu zilizokiamsha na malighafi aliyopewa na majaliwa. Wanaomshutumu Bonaparte wangeanzia hapo.

Bonaparte alipopotea ni pale alipoyaacha maandishi na kukimbilia alama zake. “Berenice” haikuhitaji kamusi ya alama. Egaeus, msimulizi wake, anazinduka maktabani, nguo zake zina matope na damu, mezani pana kisanduku chenye meno 32, naye hakumbuki kwamba ndiye aliyefukua kaburi. Akili inayotenda jambo na kujificha lisijulikane imo ndani ya hadithi yenyewe, na Poe aliichapisha miaka 21 kabla Freud hajazaliwa.