Bajeti ya Nairobi ikibanwa, zege hulindwa, mvushaji wa watoto hukatwa

Wanaosimamia hazina ya Kaunti ya Nairobi wana haki ya kuonewa huruma. Madeni ya wakandarasi na watoa huduma yamezidi shilingi bilioni 80, karibu mara mbili ya bajeti ya mwaka, na mishahara haisubiri. Wazazi wanaodai kivuko mbele ya shule huambiwa, wala si uongo, kwamba shule za msingi ni za serikali kuu na barabara kubwa ni za KURA au KeNHA, mamlaka za barabara za serikali kuu. Kaunti iliachiwa chekechea na barabara zake ndogo.

Hoja hiyo ina uzito mpaka ufike langoni. Vituo vingi vya chekechea vya kaunti vimo ndani ya ua wa shule za msingi. Mtoto wa miaka 4, ambaye kikatiba ni mwanafunzi wa kaunti, huvuka barabara ileile, pengine akiwa ameshikwa mkono na dadake wa Gredi ya 3. Tena tangu 2023 kaunti inawalisha wanafunzi wa shule za msingi kupitia Dishi na County, mzazi akilipa shilingi 5 kwa mlo. Mpango mzuri huo, siupondi. Ila umeonyesha kwamba kaunti ikitaka, mipaka ya majukumu haiizuii.

Wanaodai vivuko nao hudhaniwa wanataka madaraja ya waenda kwa miguu kama ya Thika Road. Wengi wanaomba matuta, mistari ipakwe rangi kabla haijafutika, na mvushaji, mtu mwenye bendera wa kuwavusha watoto asubuhi na jioni. Na udogo wa ombi ndio unaowaponza. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na kanuni zake zinazuia mishahara kuvuka asilimia 35 ya mapato. Daraja la zege huhesabiwa maendeleo. Mwenye bendera huhesabiwa mshahara, na rangi ni matumizi ya kawaida. Afisa anayemkata mvushaji havunji sheria. Huenda ndiyo anayoitii.

Kuna ile sera ya 2015 ya usafiri usiotumia injini, ambayo Nairobi iliahidi ndani yake asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Asilimia 20! Katika jiji ambalo takriban safari nne kwa kumi ni za miguu, huo si upendeleo. Lakini sera si sheria. Pesa hizo zisipoandikwa kama fungu linalojitegemea, humezwa na ujenzi wa barabara, na zikipunguzwa hakuna MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, atakayegundua.

Hazina itajibu kwamba tuta halilipi deni. Kweli. Ila mtoto akigongwa kwenye barabara ya Outer Ring, huenda akakimbizwa Mama Lucy, hospitali ya kaunti hiyohiyo, na gharama ikarudi kwa hazina ileile. 

Na suala la barabara ni ya nani lina dawa: Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu serikali hizi mbili kukabidhiana majukumu. Februari 2020 Nairobi ilikabidhi manne, uchukuzi na afya yakiwemo, kwa hati moja iliyotiwa saini Ikulu. Makubaliano kuhusu nani apake rangi kivuko cha shule hayahitaji hata Ikulu.