Pesa ya Soda na Pesa ya Ada

Karatasi yenyewe ina mistari minne tu: tiketi zilizouzwa, pesa iliyoingia, gharama, kilichobaki na kinakokwenda. Hubandikwa mlangoni mwa ukumbi siku mbili baada ya kifungua kinywa cha pankeki, ambacho klabu ya huduma ya huku Marekani hukiuza kwa tiketi ili kupata pesa za ufadhili wa wanafunzi. Kwa mtu aliyekulia kwenye vikao vya michango vya Tanzania, mistari hiyo inakera kuliko baridi ya Januari, kwa sababu haina utaalamu wowote. Mweka hazina wa kamati yoyote ya harusi pale Mbagala ana daftari, ana kalamu, ana simu yenye kikokotoo. Karatasi ndiyo hatuioni.

Basi leo ni vilabu vya huduma vya huku Marekani, na kitakachosemwa nakijua mapema: "Amekula pankeki mbili, ameanza kutufundisha kuhesabu." Subiri kwanza.

Vinavyojulikana zaidi ni vitatu, na vilizaliwa karibukaribu: Rotary mjini Chicago mwaka 1905, Kiwanis mjini Detroit mwaka 1915, Lions mjini Chicago tena mwaka 1917. Kwetu si vigeni. Rotary iko Nairobi tangu 1930, na Dar es Salaam watu hukimbia mbio za Rotary Siku ya Nyerere. Ila kwetu tumezoea kuviona hotelini, kwa watu wa suti. Huku kwenye miji midogo ya Magharibi ya Kati, mwanachama ni fundi bomba, mwalimu mstaafu, muuza bima, mama wa posta. Hawana uwezo wa kutoa hundi moja nono, ndiyo maana wanakaanga.

Na kukaanga ni hesabu. Tuseme tiketi ni dola 10 na watu ni 300. Kila mmoja anakula pankeki tatu, soseji mbili, mayai ya kuvuruga na kahawa. Pankeki moja inachukua kama mililita 60 za rojo, kwa hiyo 900 zinataka lita 54. Rojo halikorogwi lote alfajiri. Linakorogwa lita kumi kumi, maana baking poda huanza kazi ikigusa maji, na rojo lililosimama sana linatoa pankeki bapa kama chapati za maji za mama ntilie aliyeamka na hasira. Wala hulikorogi hadi mabonge yote yaishe. Unga ukisumbuliwa unavutika, pankeki inakuwa raba. Bamba la gesi lenye upana wa karibu mita moja, likiwa na joto la nyuzi 190, linabeba ishirini na kitu kwa mkupuo, dakika nne hivi pamoja na kukwangua. Kwa hesabu tupu, bamba moja linatosha kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi. Ukweli ni kwamba halitoshi, kwa sababu nusu ya watu wanakuja ndani ya saa moja, ibada ikiisha, na foleni ikifika nje wengine wanageuza magari na dola zao. Ndiyo maana yanawekwa mabamba mawili au matatu, na mtungi wa gesi wa akiba, kwani mtungi huchagua kuisha foleni ikiwa ndefu kabisa. Mayai yaliyoiva yanakaa kwenye joto lisilopungua nyuzi 57, na mkaguzi wa afya wa kaunti anaweza kuingia wakati wowote na kipimajoto chake.

Mezani kuna rola ya tiketi zenye namba. Namba ya tiketi iliyo mbele kwenye rola inaandikwa kabla mlango haujafunguliwa, na tena mlango ukifungwa. Tofauti yake mara kumi ndiyo pesa inayotakiwa kuwemo, ukiacha chenji ya kuanzia. Wanahesabu watu wawili, wasiwe mtu na mkewe, wanatia saini wote, Jumatatu asubuhi pesa iko benki. Na katika klabu makini, aliyesimama kwenye bamba tangu saa 11 alfajiri akitaka kula ananunua tiketi kama wengine.

Hapo kwenye tiketi ya mkaangaji ndipo ninapotaka kukaa.

Klabu ya Lions, kwa kanuni za Lions wenyewe, ina mifuko miwili: wa utawala na wa shughuli. Wa utawala unajazwa na ada za wanachama na faini zao za utani. Wana ofisa kabisa, anaitwa Tail Twister, ambaye kazi yake ni kumtoza mtu dola kwa kuchelewa au kwa tai yake mbaya. Mfuko wa shughuli unajazwa na pesa ya umma: pankeki, bahati nasibu, makopo ya michango barabarani. Pesa ya umma inarudi kwa umma. Gharama za tukio lenyewe zinatolewa humo, yaani unga, soseji, gesi, uchapaji wa tiketi. Chakula cha mchana cha wanachama, bendera, pini za kwenye kola, nauli ya mkutano mkuu: hata senti. Pesa inaweza kutoka utawala ikaenda shughuli. Kurudi ni marufuku.

Na serikali nayo ina jicho hapo. Kwa kawaida klabu husajiliwa chini ya kifungu 501(c)(4) cha sheria ya kodi, na mfuko wake wa hisani chini ya 501(c)(3), kwa kuwa huo wa pili ndio unaompa mchangiaji nafuu ya kodi. Ukilipa dola 100 kwa chakula cha jioni chenye thamani ya dola 40, risiti inapaswa kukwambia wazi kwamba sadaka yako ni 60. Mchango wa dola 250 kwenda juu unataka barua ya mfuko kuthibitisha kuwa umeupokea. Mfuko wenye mapato ya kawaida yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka unajaza fomu fupi ya mtandaoni, 990-N, kazi ya dakika chache. Usipojaza miaka mitatu mfululizo, msamaha wake wa kodi unafutwa moja kwa moja. Mifuko midogo hufa hivyo bila mwizi yeyote: mhazini mzee amefariki na nenosiri lake.

"Sisi tuna utu, wao wana risiti."

Nakubali nusu. Kwa moyo wa kutoa, hawa kwetu ni watoto. Msiba ukitokea saa 8 usiku, saa 3 asubuhi turubai, viti, masufuria na mchele vimefika, na hakuna aliyeomba kibali cha kaunti. Mmarekani jirani yake akifiwa anapeleka bakuli la makaroni lililofunikwa foili, anarudi kwake. Klabu nzima inahenyeka wiki sita kupata dola 2,000. Kamati ya harusi yenye mwenyekiti mkali inazipita hizo bila kuvunja hata yai. Halafu tazama nani yuko kwenye bamba: wazee wa miaka sabini wakibeba ndoo za rojo, vijana hawajiungi. Kwetu binti wa miaka 25 ni katibu wa kamati tatu. Kwa hiyo anayedhani nimesahau tulichonacho, anikome.

Kutoa hakujawahi kutushinda. Kinachotushinda ni kwamba pesa ya soda na pesa ya ada zinalala kwenye laini moja, ya mtu mmoja, ambaye vocha zake pia anazinunua humohumo. Kikao cha kwanza soda na sambusa. Cha pili kuku. Cha nne kimehamia baa, "ili tukae vizuri." Na hakuna aliyeiba! Hilo ndilo linalouma. Ukimuuliza mweka hazina, anakupa kweli tupu: pesa imetumika kwenye shughuli. Na kikao si shughuli?

Kwa harusi sina ugomvi. Harusi yote ni tumbo. Ugomvi unaanza tunapoihamishia desturi hiyohiyo kwenye elimu. Ada ya sekondari za serikali imefutwa, hadi kidato cha nne tangu 2016, cha tano na sita tangu 2022. Sawa. Fomu ya kujiunga na bweni iko palepale: godoro, shuka, ndoo, jembe na mpini wake, fagio, rimu ya karatasi. Ukija chuo kikuu, mkopo wa Bodi unaweza kuja nusu, unaweza usije. Kundi la WhatsApp linafunguliwa usiku huohuo, ahadi zinamiminika, na mmoja anaahidi laki tano kwa kuwa shemeji zake wamo kundini. Mwaka wa kwanza unalipwa kwa shangwe na keki. Mwaka wa pili kundi limekuwa la salamu za asubuhi na picha za maua, na kijana anazuiwa kufanya mtihani kwa deni la laki tatu.

Klabu ya huku haimwahidi mtoto pesa ambayo haijafika benki. Ndiyo maana ufadhili wake ni mdogo hadi unachekesha: dola 500, dola 1,000, wakati mwaka mmoja wa chuo cha umma pamoja na chumba na chakula unapita 20,000 bila kutoka jasho. Lakini hizo 1,000 zipo.

Namna ya kuzitoa nayo ina mpangilio. Fomu nyingi hutoka majira ya baridi, mwisho wa kuzipokea ni Februari au Machi, majina yanatangazwa Mei. Mtu asiyetoa alama anafunika majina, anaweka namba. Watu watano wanasoma, kila mmoja peke yake, kwa kipimo kilichokubaliwa mapema: tuseme masomo 30, kujitolea 30, uhitaji 25, insha 15. Mwenye mtoto au mpwa humo anatoka nje. Kufunika majina hakusaidii sana mji mdogo, kwani insha ikianza na "siku niliyovunjika mguu kwenye fainali" wote watano wanamjua mwenye mguu. Kipimo nacho kina upofu wake. Saa za kujitolea zinampendelea mtoto ambaye jioni hafanyi kazi ya kulipwa, ndiyo maana kamati zenye akili huhesabu pia kulea wadogo zake na zamu za dukani.

Kisha pesa haipiti mkononi mwa mtoto. Hundi inaandikwa kwa jina la chuo, jina na namba ya mwanafunzi pembeni, baada ya yeye kuleta uthibitisho wa usajili. Ile hundi ya kadibodi kubwa kama mlango mnayoiona pichani haina kitu. Wako wasioleta uthibitisho, na ufadhili unarudi mfukoni. Na upo mtego: chuo kikiona dola 1,000 za nje kinaweza kupunguza 1,000 kwenye msaada wake chenyewe, mtoto akabaki palepale alipokuwa. Jimbo la Maryland liliviwekea vyuo vyake vya umma mipaka juu ya hilo mwaka 2017. Kwingineko mwanafunzi aulize mapema: pesa ya nje itapunguza mkopo wangu kwanza, au ruzuku?

"Na huko hakuna wezi?" Wapo, tena wanafikishwa mahakamani, wahazini wa vilabu na wa kamati za wazazi. Mtindo ni uleule wa kwetu: mtu mmoja anashika kitabu cha hundi, taarifa za benki zinaenda kwake nyumbani, na amekalia kiti miaka kumi kwa sababu hakuna anayekitaka. Saini mbili zilianzia hapo, na ule utaratibu wa taarifa ya benki kusomwa na mtu asiyeandika hundi. Kwa hiyo sijasema wao ni wema. Nimesema hawaaminiani, na kutoaminiana kwao kumemlipia mtoto ada.

Tena zana zetu ni bora kuliko zao. Chuo cha umma cha kwetu kinatoa kontroo namba, yaani namba ya kulipia serikalini. Mtu yeyote mwenye simu anailipa akiwa kitandani, risiti inarushwa kundini dakika ileile, wakati hundi ya Mmarekani bado iko kwenye mfuko wa posta. Huduma kama M-Koba inataka zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha pesa ya kikundi itoke. Godoro na ndoo vinalipwa kwa muuzaji, mtoto anakabidhiwa vitu. Kilichobaki ni nidhamu ya kijinga tu. Ahadi isiyolipwa isiingie kwenye jumla. Asitangazwe mtu kafadhiliwa miaka mitatu kabla ada ya mwaka wa pili haijalala benki. Makato yaandikwe mstari wake, kwa sababu nusu wanatuma elfu kumi kavu na nusu wanatuma na ya kutolea, kisha jumla inagoma na mweka hazina asiye na kosa anaitwa mwizi.

Na najua hoja ya mwisho, ile ya watu wazima: bila soda watu hawaji kikaoni. Inawezekana. Basi mwenye nyumba aweke ndoo ya barafu mlangoni, soda elfu moja moja, kila mtu alipe yake, mwenyekiti akiwemo, na faida iende kwenye godoro.