Rangi kwenye fomu ya udahili: mjadala wa Chuo Kikuu cha Cape Town

Neville Alexander, msomi wa Afrika Kusini, alifungwa miaka 10 katika kisiwa cha Robben kwa kuupinga utawala wa makaburu. Kwa hiyo alipoikosoa sera ya Chuo Kikuu cha Cape Town ya kudahili wanafunzi kwa kuzingatia rangi, yaani kuwapunguzia waombaji Weusi alama za kuingilia, ilikuwa vigumu kumwita mtetezi wa maslahi ya Wazungu. Alihofia kwamba makundi ya watu yaliyorithiwa kutoka kwa serikali ya kibaguzi yangeendelea kuota mizizi katika fikra za vijana iwapo fomu ya chuo ingewataka wajipange humo upya. Anayetaka kufidia unyonge, kwa mtazamo huu, na aupime unyonge wenyewe: shule aliyosoma mwombaji, elimu ya wazazi wake, na kipato cha nyumbani.

Hoja hiyo ni nzito, na inazidi kuwa nzito kadiri tabaka la kati la Weusi linavyokua. Mtoto wa wakili Mweusi aliyesoma shule ya gharama kubwa anapopunguziwa alama za kuingilia, huku binti wa mfanyakazi wa ndani akikosa hata alama hizo zilizopunguzwa, mtu ana haki ya kuuliza ni nani hasa anayefidiwa.

Hata hivyo, upande wa pili nao una historia mkononi. Sheria ya mwaka 1959 iliwazuia Weusi kujiandikisha katika vyuo vya Wazungu bila kibali cha waziri. Hawakuzuiwa kwa sababu ya umaskini, bali kwa rangi yao, na tajiri na maskini walifungiwa mlango uleule. Dawa isiyoitazama rangi kabisa inaweza kuuacha ugonjwa palepale, hasa katika fani kama udaktari, ambako nafasi ni chache na tofauti ya alama chache huamua kila kitu.

Kuanzia udahili wa mwaka 2016 chuo kilichukua njia ya kati. Baadhi ya nafasi hutolewa kwa alama tupu, nyingine kwa alama zilizoongezwa kulingana na hali ya shule na familia, na zinazobaki ndizo ambazo bado huangalia rangi. Kwangu mimi, mpango huu ni bora kuliko ule wa awali, ingawa una utata ambao mzazi wa kawaida hawezi kuuelewa bila kuelekezwa.

Lakini kubishana juu ya mlango kumewafanya wengi wasahau yaliyomo ndani. Wanafunzi walioiandama sanamu ya Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza, iliyokuwa chuoni hapo hadi ikaondolewa tarehe 9 Aprili 2015 walikuwa wameshadahiliwa. Malalamiko yao yalihusu mtaala, ada, lugha, na uhaba wa maprofesa Weusi. Programu za shahada zenye mwaka wa ziada, zilizobuniwa kwa nia njema ya kuwasaidia waliotoka shule duni, nazo zililaumiwa kwa kuwatenga wanafunzi hao katika madarasa yao peke yao, jambo ambalo wenzao waliliona na kulitafsiri walivyotaka.

Kuhusu maprofesa, uongozi wa wakati huo chini ya Max Price ulijitetea kwamba safari ya kutoka shahada ya uzamivu hadi uprofesa huchukua zaidi ya miaka 20. Ni kweli kwamba wasomi hawaoti kwa amri ya baraza la chuo. Ila kutoka mwaka 1994, utawala wa kibaguzi ulipokoma, hadi maandamano yale ilikuwa imepita miaka 21, na kuna kisa ambacho utetezi huo haukijibu. Mwaka 1968 chuo kilimteua Archie Mafeje kuwa mhadhiri mwandamizi wa anthropolojia, kisha kikautengua uteuzi wake kwa shinikizo la serikali. Mafeje akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye akawa profesa mwenye sifa barani kote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati ambapo hapakuwa tena na waziri wa kumzuia, aliomba kurudi Cape Town na hakupewa nafasi ya kudumu. Familia yake ilipokea radhi ya chuo mwaka 2008, na kufikia hapo Mafeje alikuwa ameshafariki.