Mwenye jino ndiye aanze utani

Mama yangu ana miaka 67. Kwa miezi 10 nimemsindikiza kwa daktari wa meno mara 14. Meno 6 yameng'olewa, 3 yametibiwa mizizi na kuzibwa, na upande wa chini sasa ana ya bandia. Safari zote hizo nilikaa pembeni ya kile kiti, ndiyo maana nina la kusema kuhusu kicheko na maumivu ya meno.

Kliniki ya kwanza tuliyokwenda, kabla ya miezi hiyo 10, msaidizi alimchungulia kinywani akacheka: "Bibi, haya ulikuwa unafungulia soda?" Mama alitabasamu, akajiziba mdomo kwa khanga. Tulipofika nyumbani akasema meno hayamuumi tena. Yalikuwa yanamuuma sana. Miaka 2 alitafunia upande mmoja, uji na ndizi za kuchemsha, na meno ambayo yangezibwa yakaishia kung'olewa. Msaidizi yule sidhani kama anajua.

Daktari wa sasa ni Mchaga, na Mama ni Mpare wa Usangi. Siku ya kwanza alimweleza kila hatua: nachoma ganzi, tunasubiri, utasikia nasukuma lakini hutaumia, ukiinua mkono nasimama. Basi. Hakutia mzaha wowote. Mama ndiye aliyeanza, mdomo tayari mzito kwa ganzi: "Daktari, jino langu ukilitoa nikabidhi mkononi, nisije nikalikuta sokoni."

"Nitakukabidhi, Mama, na utanisainia. Mpare akipotelewa na jino moja si atauza ng'ombe afungue kesi?"

Mama alicheka mpaka mabega yakatikisika. Nilikuwa nautazama mkono wake, ule uliokuwa umekamata upindo wa khanga tangu tuko kwenye foleni. Ukaachia.

Wapare na Wachaga ni watani, na utani una sheria zake. Mtani anakuambia usiloweza kuambiwa na mwingine, hata msibani, kwa sababu na wewe una haki ya kumrudishia. Sasa mtu aliyelazwa chali, mdomo wazi, kibomba kinanyonya mate, atarudisha nini? Kumtania huyo ni kumpiga aliyefungwa mikono. Ndiyo maana nasema tabibu asubiri. Mgonjwa akifungua mlango, aingie kwa furaha zote, maana kicheko kile kilimrudisha Mama kwenye kiti mara 13 zaidi, na mimi nisingeweza kumrudisha kwa kumbembeleza.

Kazi ndefu kuliko zote ilikuwa jino la juu la nyuma, lenye mizizi mitatu. Karibu saa nzima mdomo wazi. Katikati Mama akainua mkono. Daktari akasimamisha mashine papo hapo, akatoa kibomba, akainama.

"Inauma, Mama?"

Mama akatikisa kichwa. "Nimepata jibu la yule ng'ombe," akasema, na sote tukasubiri amalize kujifuta mate.