Anayelalamikia chandarua si lazima awe mjinga

Ukimuuliza mtu mzima nchini Tanzania malaria inaletwa na nini, atakujibu kuwa ni mbu, na ukimuuliza kinga yake, atataja chandarua chenye dawa. Ujuzi huo umejengwa kwa kazi ya miaka mingi: mpango wa Hati Punguzo ulioanza mwaka 2004 ili wajawazito na watoto wachanga wapate vyandarua kwa bei nafuu, kampeni ya Malaria Haikubaliki ya mwaka 2010, kisha ugawaji kupitia wanafunzi ulioanza mwaka 2013 katika mikoa ya kusini. Hata hivyo, bado tunaona vyandarua vimefunika matuta ya mchicha, vimezungushiwa mabanda ya kuku au vimegeuzwa nyavu za dagaa, na maelezo yanayotolewa upesi ni kwamba wananchi hawana uelewa. Kwa maoni yangu, maelezo hayo yana nusu ya ukweli.

Nusu hiyo tusiidharau. Katika pwani na bonde la Kilombero, wazazi wengi waliamini kwa muda mrefu kwamba degedege la mtoto husababishwa na shetani, au na ndege apitaye juu ya nyumba usiku, wala hawakulihusisha na malaria kali. Mtoto alianzia kwa mganga, na saa ambazo zingemwokoa zikapita. Mama aliyeelezwa kwamba degedege linaweza kuwa dalili ya malaria, naye akamkimbiza mwanawe zahanati, alipewa elimu yenye thamani ya uhai. Tafiti za kitaifa zilionyesha kuwa maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2007–08 hadi asilimia 8 mwaka 2022. Elimu haikuyashusha peke yake, kwani dawa mseto na vipimo vya haraka vilifanya sehemu yake, lakini chandarua kilichokunjwa kabatini hakimkingi mtu, na hakitundikwi ila na aliyeamini faida yake.

Nusu ya pili husikika kidogo, nayo ndiyo inayonishughulisha zaidi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na katika habari hii kunguni ni wa kweli kabisa. Vyandarua vyenye dawa vilipoanza kutumika vijijini, kina mama walivipenda kwa sababu viliua kunguni, faida waliyoiona kwa macho yao asubuhi ya pili, tofauti na malaria ambayo kutokuwapo kwake hakuonekani. Miaka kadhaa baadaye kunguni wakarudi, na watu wakalalamika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kutoka vijiji vya Muheza, mkoani Tanga, ulithibitisha kuwa kunguni wa nyumba zilizotumia vyandarua hivyo walikuwa wamejenga usugu dhidi ya dawa za jamii ya pareto. Mwenye nyumba aliyesema kwamba dawa imeisha nguvu alikuwa akitoa taarifa, na taarifa hiyo ilistahili kuandikwa kama ilivyo badala ya kuhesabiwa kuwa mtazamo hasi.

Kwa mbu mambo yalifuata njia hiyohiyo. Katika majaribio ya Misungwi, mkoani Mwanza, yaliyochapishwa mwaka 2022, miaka miwili baada ya ugawaji asilimia 45.8 ya watoto waliopimwa katika maeneo ya vyandarua vyenye dawa za jamii ya pareto pekee walikuwa na vimelea vya malaria, ilhali katika maeneo ya vyandarua vilivyoongezewa dawa ya klorofenapiri walikuwa asilimia 25.6. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua vya aina hiyo. Mtu aliyelala ndani ya chandarua cha zamani kila usiku na bado akaugua hakukosa utii, kwa kuwa chandarua chenyewe kilikuwa kimepungukiwa.

Hapa ndipo ninapotengana na wanaochukua usugu kuwa ruhusa ya kuacha chandarua. Utafiti mwingine uliofanywa katika nchi tano, Kenya ikiwemo, ulikuta kwamba wanaolala ndani ya vyandarua hupata malaria kidogo kuliko wasiovitumia hata pale mbu walipo sugu. Kitambaa kilichochomekewa vizuri chini ya godoro bado ni ukuta. Kwa hiyo malalamiko ni ya haki, ila hitimisho la kukikata chandarua kiwe uzio wa kuku linamwacha mtoto wazi usiku huohuo, kabla kilicho bora hakijamfikia.

Zipo pia sababu ambazo hazihusiani na dawa wala imani. Joto la Dar es Salaam huwafanya watu wakae barazani hadi usiku mwingi, na msibani waombolezaji hulala nje kwenye mikeka. Mkulima wa mpunga wa Kilombero huhamia shambani kwa majuma mengi kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe pori, akilala katika dungu au kibanda kilicho wazi pande zote. Dodoso likimuuliza kama jana alilala ndani ya chandarua, likaandika "hapana" bila kumuuliza alilala wapi, atahesabiwa miongoni mwa wasio na uelewa, ilhali chandarua chake kimetundikwa nyumbani juu ya kitanda cha watoto.